Daftari la Duka na Shahidi wa Pili

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, nayo inahusu uandikaji wa madeni. Ndani yake waumini wanaamrishwa kuandika wanapokopeshana kwa muda maalumu; mwandishi anatakiwa awe muadilifu; na wawekwe mashahidi. Wanavyuoni wamechota mafunzo mengi katika aya hiyo. Mojawapo linamgusa moja kwa moja kila mwenye duka, genge au biashara ya nyumbani: kumbukumbu ya mtu mmoja, hata awe mkweli kiasi gani, inahitaji jambo la kuiunga mkono kutoka nje yake.

Mfanyabiashara wa leo amezungukwa na mashahidi ambao yeye mwenyewe hakuwaita. Simu yake inahifadhi kila fedha iliyoingia na kutoka, pamoja na saa na namba ya muamala. Benki inaandika upande wake. Mashine ya kutolea risiti, maarufu kwa jina la EFD, inatunza mauzo ya kila siku kwa ajili ya Mamlaka ya Mapato. Msambazaji wa bidhaa ana ankara zake. Mashahidi wote hao wanasema, lakini kila mmoja yuko mahali pake, na mwenye duka bado anategemea daftari moja lililowekwa chini ya meza, au programu ya hesabu anayoijaza usiku kwa kukumbuka.

Programu nyingi za hesabu zinazotumiwa na wafanyabiashara wadogo, kama vile QuickBooks, Tally, Odoo na GnuCash ambayo hupatikana bila malipo, zina uwezo wa kupokea taarifa kutoka nje na kuzipanga mahali pamoja. Uwezo huo wengi hawautumii, na baadhi ya wanaoutumia huishia kuharibu hesabu zao kuliko walivyokuwa na daftari. Makala haya yanaeleza namna ya kuwaita mashahidi hao katika kitabu cha duka, namna ya kuupima ushahidi wao, na kwa nini jambo hili linaonekana la kitaalamu ilhali lina uhusiano wa karibu na zaka, madeni na mirathi ya familia.

Njia tatu za kuingiza taarifa

Njia ya kwanza ni ya mkono. Mtu anafungua ujumbe wa simu mmoja baada ya mwingine na kuandika katika programu. Njia hii inafaa kwa biashara yenye miamala michache kwa siku. Ubaya wake ni kwamba vidole huchoka, na penye kuchoka sifuri moja huongezeka au kupungua.

Njia ya pili ni ya faili. Benki na kampuni za simu humpa mteja taarifa ya miamala ya kipindi anachotaka. Taarifa hiyo ikiwa katika umbo la jedwali, yaani kila muamala una mstari wake na kila kipengele kina safu yake, programu ya hesabu inaweza kuimeza yote kwa mara moja. Mtumiaji huieleza programu safu ipi ni ya tarehe, ipi ni ya kiasi, ipi ni ya maelezo. Taarifa iliyotolewa kama kurasa za kuchapisha huwa ngumu zaidi, kwa sababu macho ya binadamu huona jedwali ambapo kompyuta huona maneno yaliyotawanyika. Kwa hiyo unapoomba taarifa, omba ile inayofunguka katika Excel.

Njia ya tatu ni ya kuunganisha moja kwa moja. Hapa programu ya duka huzungumza na mfumo wa benki au wa kampuni ya simu bila mtu kati yao, na malipo yakiingia, yanajiandika. Safaricom ya Kenya imeufungua mlango huo kwa watengenezaji wa programu kupitia huduma iliyoiita Daraja, na jina hilo linajieleza lenyewe. Njia hii ni ya haraka, lakini inahitaji fundi wa kuijenga na gharama ya kuitunza. Kwa duka la familia, njia ya pili, ikifanywa kila wiki bila kukosa, hutosha.

Kila kilichoingia si mauzo

Kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii ni kudhani kwamba kila fedha iliyoingia katika simu ni pato la duka. Tuchukue mfano wa kubuni wa duka la vitambaa na mabaibui. Taarifa ya simu ya siku moja inaonyesha zimeingia shilingi 1,240,000. Kitabu cha mauzo kinaonyesha kwamba wateja waliolipa kwa simu siku hiyo walilipa shilingi 810,000. Tofauti ni shilingi 430,000.

Mwenye duka anapokaa na kuichambua tofauti hiyo, anakuta mambo matatu. Shilingi 200,000 ni fedha za upatu wa dada yake, zilizopitia katika namba yake kwa sababu wanakikundi wanamwamini. Shilingi 150,000 ni malipo ya mteja aliyechukua kitambaa kwa mkopo mwezi uliopita. Mauzo hayo yalikwishaandikwa siku ile, na leo limelipwa deni tu. Shilingi 80,000 zilizobaki ni mauzo halisi ambayo kijana wa dukani aliyasahau kuyaandika wakati wa msongamano wa jioni.

Mauzo ya kweli ya simu siku hiyo, basi, ni shilingi 890,000. Lau mwenye duka angeiingiza taarifa yote kama mauzo juu ya yale yaliyokwishaandikwa, programu ingemwambia ameuza kwa shilingi 2,050,000. Angejiona tajiri, angetoa fedha za upatu wa dada yake kununulia mzigo, na pengine angelipa kodi ya pato asilolipata. Na lau asingeiingiza kabisa, zile shilingi 80,000 zingepotea bila mtu kujua zilikokwenda, na kijana wa dukani angeweza kudhaniwa vibaya siku bidhaa zitakapohesabiwa.

Hapa ndipo inapoonekana faida ya shahidi wa pili. Yeye haji kuchukua nafasi ya kitabu. Anakuja kukaa mbele yake, maneno ya kitabu na maneno yake yalinganishwe, na kila tofauti ipewe jina. Wahasibu huiita kazi hii usuluhishi wa hesabu, na neno hilo limechaguliwa vizuri, kwa sababu panakuwa na pande mbili zinazosikilizwa mpaka zikubaliane.

Programu nzuri husaidia. GnuCash, kwa mfano, inapopokea mistari mipya huilinganisha na ile iliyomo na kupendekeza ipi ni muamala uleule na ipi ni mpya. Lakini hilo ni pendekezo, na uamuzi ni wa mwenye kitabu. Namba ya muamala ndiyo alama bora ya utambulisho, kwa kuwa wateja wawili wanaweza kulipa kiasi kilekile siku ileile, lakini hawawezi kuwa na namba moja. Kila muamala wa simu unapoandikwa kitabuni, uandikwe pamoja na namba yake.

Mitego midogo yenye madhara makubwa

Wengi walioingiza taarifa za nje wakakata tamaa walinaswa na mambo madogo. La kwanza ni tarehe. Sisi tunaandika siku kwanza, kisha mwezi. Wamarekani huanza na mwezi, na programu nyingi zimetengenezwa kwao. Tarehe 03/04/2025 kwetu ni tarehe 3 Aprili. Kwa programu ambayo haijarekebishwa ni tarehe 4 Machi. Hatari ya kosa hili ni kwamba halipigi kelele. Siku zote za mwezi mpaka ya 12 hupinduka kimyakimya, na kuanzia tarehe 13 programu hushindwa kuelewa na kuziacha kama maneno tu. Ukiona baadhi ya tarehe zimeegemea kushoto na nyingine kulia katika jedwali, simama hapo kabla hujaendelea.

La pili ni namba ndefu. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Zinazozidi huzigeuza kuwa sifuri. Namba ya akaunti au ya kumbukumbu yenye tarakimu nyingi inaweza kuharibika kwa kufunguliwa tu na kuhifadhiwa tena. Vilevile sifuri ya mwanzo ya namba ya simu hudondoka. Dawa yake ni kuiambia programu kwamba safu hiyo ni ya maandishi kabla ya kuifungua, na daima kubaki na nakala ya faili la asili ambalo halikuguswa.

La tatu ni majina, na hili lina ladha ya kwetu hasa. Mteja mmoja anaweza kuonekana kama Mohamed katika taarifa ya simu, Muhammad katika ankara na Mohammed katika benki, na majirani wakamwita Mudi. Programu itafungua kurasa tatu kwa mtu mmoja. Deni lake litakuwa katika ukurasa wa kwanza na malipo yake katika wa tatu, naye atadaiwa alichokwishalipa. Kumdai mtu aliyekwishalipa ni dhulma, hata kama imefanywa na mashine. Kila mteja wa mkopo apewe namba yake ya duka, na majina yake yote yaelekezwe kwenye namba hiyo.

La nne ni makato. Malipo ya kadi au ya namba ya malipo yanaweza kufika benki yakiwa yamekwishapunguzwa ada. Mteja alilipa shilingi 50,000, lakini kilichoingia ni pungufu. Atakayeandika kilichoingia tu atakuwa amepunguza mauzo na kuficha gharama. Mauzo yaandikwe yote, na ada iandikwe peke yake.

La tano ni la wafanyabiashara wanaoagiza mzigo Dubai au Guangzhou. Thamani ya ankara imeandikwa kwa dirham, dola au yuan, na kitabu ni cha shilingi. Dirham ya Falme za Kiarabu imefungwa kwa dola kwa kiwango cha 3.6725 tangu mwaka 1997, lakini shilingi hupanda na kushuka. Kiwango cha siku ya kuagiza na cha siku ya kumaliza kulipa huwa tofauti, na tofauti hiyo ni faida au hasara ya kweli. Benki Kuu hutangaza viwango vya kubadilishia fedha kila siku ya kazi. Chagua chanzo kimoja, kitumie daima, na andika kiwango pembeni ya kila muamala wa nje.

Mistari ambayo Muislamu huisoma mara mbili

Zipo taarifa ambazo mhasibu yeyote huzipitisha, lakini Muislamu hana budi kuzisimamisha. Wa kwanza ni mstari wa riba. Akaunti ya akiba ya benki ya kawaida huongezewa kiasi kidogo kila kipindi, na taarifa inapoingizwa, programu hukipanga kiasi hicho katika mapato. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wanaelekeza kwamba fedha ya namna hiyo isiliwe, bali itolewe katika maslahi ya umma au kwa wahitaji kwa nia ya kujitakasa nayo, bila kuhesabiwa sadaka. Jambo hilo haliwezekani ikiwa imekwishachanganyika na faida ya vitambaa. Fungua akaunti yake ndani ya programu, na uweke kanuni kwamba kila mstari wenye maelezo hayo uelekezwe huko. Aliyehamia katika benki zinazofuata sharia, kama Amana Bank iliyoanza kazi Tanzania mwaka 2011, naye asome taarifa zake, kwani huko pia faida ya mudharaba na ada za huduma zinahitaji kutenganishwa.

Wa pili ni mstari wa mikopo ya simu. Huduma za kukopa pale salio linapopungua, kama Fuliza kwa ndugu zetu wa Kenya na Songesha hapa kwetu, hukamilisha malipo na kisha hukata deni pamoja na ada fedha inayofuata ikiingia. Mwenye duka asiyesoma taarifa yake hajui ni mara ngapi alikopa kwa mwezi. Anapoiingiza katika programu na kujumlisha mstari huo peke yake, anakutana na kiasi ambacho huenda kikamshtua, na kushtuka huko ndiko mwanzo wa kuacha.

Wa tatu unamhusu wakala wa fedha za simu. Mamilioni yanayopita katika laini yake ni mtaji wa kuzungusha na fedha za watu. Pato lake ni kamisheni tu. Wakala anayeingiza taarifa bila kutenganisha hayo mawili hawezi kujua kama anapata au anakula mtaji.

Zaka haifuati mwaka wa programu

Familia nyingi hukumbuka zaka ya biashara Ramadhani inapokaribia, na baba hukadiria kwa kutazama rafu. Programu yenye taarifa kamili inaweza kuondoa makadirio hayo, lakini kwa sharti kwamba mtumiaji aelewe inaposhindwa.

Kwanza ni mwaka. Zaka ya biashara ni fungu moja katika arubaini, yaani asilimia 2.5, na hutolewa mali inapopitiwa na mwaka wa Hijria. Mwaka huo una takriban siku 354. Programu nyingi hufunga hesabu kwa mwaka wa miladia wenye siku 365. Tofauti ya siku 11 inaonekana ndogo, lakini miaka 32 ya miladia ni sawa na takriban miaka 33 ya Hijria. Mfanyabiashara aliyetoa zaka yake kwa kalenda ya ukutani tangu ujana hadi uzee huwa ameacha zaka ya mwaka mzima. Njia iliyo salama ni kuchagua siku moja ya Hijria na kuitolea programu ripoti ya siku hiyo, kwani programu hutoa mizania ya siku yoyote uitakayo. Asiyeweza kuepuka mwaka wa miladia, wapo wanavyuoni na taasisi zinazomwelekeza atoe asilimia 2.577 ili kufidia siku zilizozidi. Katika mali ya shilingi 20,000,000, asilimia 2.5 ni shilingi 500,000, na asilimia 2.577 ni shilingi 515,400.

Pili ni thamani ya bidhaa. Programu huhesabu mzigo wa stoo kwa bei uliyonunulia. Kwa jumhuri ya wanavyuoni, zaka ya biashara hutazama thamani ya bidhaa sokoni siku zaka inapowajibika. Kitenge kilichonunuliwa kwa shilingi 12,000 mwaka jana huenda leo kina thamani ya 16,000, na kilichopitwa na wakati huenda hakifiki 8,000. Kwa hiyo bei za soko za siku hiyo nazo ni taarifa ya nje inayotakiwa kuingizwa: orodha ya bidhaa hutolewa kutoka katika programu, safu ya bei ya leo huongezwa, na jumla mpya hupatikana bila kuivuruga bei ya asili.

Tatu ni nisabu. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha, na bei ya madini hayo hubadilika kila siku. Bei ya siku yako ya zaka iandikwe pamoja na mahali ilipopatikana.

Nne ni madeni. Deni unalomdai mtu anayekiri na mwenye uwezo wa kulipa huhesabiwa katika mali yako. Kuhusu deni unalodaiwa, wanavyuoni wamekhitilafiana. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Imamu Shafi ni kwamba deni halizuii zaka, na wengine wameona kuwa hupunguzwa. Programu haiwezi kutoa fatwa. Kazi yake ni kumpelekea sheikh orodha sahihi ya madeni ya pande zote mbili, naye akajibu juu ya jambo lililo wazi badala ya makisio.

Siku mwenye simu anapoondoka

Upo wakati ambapo kitabu kisicho na mashahidi huumiza zaidi kuliko wakati wa kodi. Ni siku mwenye duka anapofariki dunia. Fedha za biashara zimo katika laini yake ya simu. Humo humo mna ada ya shule, amana ya jirani, mchango wa msikiti na mtaji wa mkewe aliyekuwa akiuza abaya kupitia simu ya mumewe. Sharia imepanga utaratibu: gharama za maziko, madeni, wasia usiozidi theluthi moja, kisha mirathi. Mtume (s.a.w.) aliwahi kuacha kumswalia maiti aliyekuwa na deni, mpaka Abu Qatada alipojitolea kulibeba. Uzito wa jambo hilo tunaujua sote. Lakini warithi watalipaje deni wasilolijua? Na watarudishaje amana iliyochanganyika na mauzo?

Mali ya mke haimo katika mirathi ya mume, kwa kuwa ni yake. Uislamu ulimpa mwanamke milki yake, na Bibi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara wa mali yake mwenyewe aliyempa Mtume (s.a.w.) kazi ya kupeleka bidhaa zake Sham. Haki hiyo iko wazi katika vitabu, lakini mbele ya ndugu wa marehemu inahitaji ushahidi. Mama aliyeuza abaya kwa miaka 6 kupitia laini ya mumewe hana cha kuonyesha ila kauli yake, wakati ambapo ana majonzi na hana nguvu ya kubishana. Lau kila wiki taarifa ya simu ingeingizwa katika programu na kila mstari wake kupewa jina la mwenyewe, kitabu kingemsemea.

Waislamu wa kale hawakuiona hesabu kuwa mbali na dini. Al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9 ambaye jina lake limezaa neno algorithimu, alitenga sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra kwa ajili ya masuala ya wasia na mirathi. Alijua kwamba mgawanyo wa haki unahitaji namba za haki.

Taarifa za watu ni amana

Kuziingiza taarifa katika programu ni kuzikusanya mahali pamoja, na kilichokusanywa pamoja huibwa pamoja. Orodha ya wateja wako wa mkopo, majina yao, namba zao na madeni yao ni siri zao zilizo mikononi mwako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Hata kabla ya sheria hizo, Muislamu alikuwa ameamrishwa kutunza amana na kusitiri.

Kwa hiyo namba ya siri ya simu isipewe fundi, wala kijana wa dukani, wala programu yoyote. Fundi anayetengeneza muunganisho apewe ruhusa ya kusoma miamala tu, isiyomwezesha kutoa fedha, na ruhusa hiyo ifutwe kazi ikiisha. Kila anayetumia programu awe na jina lake la kuingilia, ili ijulikane nani aliandika nini. Nakala ya akiba iwekwe nje ya duka, kwani moto na mwizi hawachagui. Na faili la taarifa ya benki lisipitishwe katika makundi ya mitandao kwa kuombea msaada wa kitaalamu.

Pa kuanzia

Mwenye duka asiye na programu yoyote asikimbilie kununua. Aanze kwa kutenganisha: laini moja ya simu iwe ya biashara peke yake, na akaunti moja ya benki iwe ya biashara peke yake. Hatua hii haina gharama kubwa, nayo huondoa nusu ya kazi iliyoelezwa hapo juu.

Kisha achague siku moja ya wiki. Ijumaa baada ya swala, kwa wanaofunga duka mapema, ni wakati mzuri. Aombe taarifa ya wiki, aihifadhi faili la asili, ailinganishe na kitabu, na kila tofauti aipe jina: mauzo yaliyosahaulika, deni lililolipwa, amana, ada, riba, matumizi ya nyumbani. Tofauti isiyopatiwa maelezo iandikwe mahali pake kama isiyojulikana na ifuatiliwe. Isisukumwe katika mauzo ili hesabu ionekane nzuri. Katika wiki za mwanzo kazi hii itachukua muda. Baada ya miezi michache, programu itakuwa imezoea majina na maelezo ya mara kwa mara, na kazi itapungua.

Na akae na mtu wa familia anapofanya hivyo: mke, au binti aliyemaliza kidato cha nne na anayeijua kompyuta kuliko baba yake. Binti huyo atajifunza biashara, baba atajifunza programu, na nyumba itakuwa na watu wawili wanaojua nani anadaiwa, nani anadai, na ipi ni amana ya nani. Aya ya deni iliagiza mashahidi ili watu wasiingiwe na shaka baina yao. Shaka hiyo huanza kidogokidogo katika maduka yetu, kwa shilingi 80,000 zilizosahauliwa jioni moja, na huzeeka mpaka kuwatenganisha ndugu mbele ya mahakama ya mirathi. Bado kuna muda wa kuiwahi. Mwenyezi Mungu atujaalie mapato ya halali, hesabu nyepesi duniani, na nyepesi zaidi Siku ya Hesabu. Amin.